Anayeinuka Arudishe Kumi

Leo Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi, saa kumi jioni, mwenzetu tunayemwita Bi Kumi anastaafu baada ya kuitumikia studio hii kwa miaka thelathini na moja. Aliajiriwa wiki ileile mlango wetu ulipofunguliwa, rangi ya ukutani ikiwa bado inashika nguo za watu. Anaondoka kwa mlango huohuo, ambao umebadilishwa bawaba sijui mara ngapi na bado unalia ukisukumwa. Mwandishi wa wasifu huu amekaa kiti cha pili katika chumba cha nyuma, ubavuni mwake, karibu nusu ya miaka hiyo. Ameombwa aandike ukurasa mmoja. Akipitiliza, alaumiwe aliyemchagua.

Kwa wageni wetu wa leo, Bi Kumi si mpiga picha. Picha hupigwa mbele, penye taa na pazia, na wenye maneno mengi. Yeye ni msafishaji wa picha. Chunusi iliyoota asubuhi ya harusi, waya wa umeme uliotokea kichwani mwa bwana harusi kama pembe, doa la chai kwenye picha ya marehemu ambayo familia haina nyingine, yote hayo hupita mikononi mwake. Alianza enzi za chumba cha giza, akikwangua kwa ncha ya wembe na kuziba kwa brashi yenye unywele mmoja. Kompyuta ilipoletwa, aliifunika kitambaa wiki nzima akisema haijamsalimia. Wiki ya pili alikifunua kile kitambaa, akavuta kiti, na hajainuka mpaka leo isipokuwa kwa chai.

Ana tabia moja ambayo wapya huicheka kwa siku mbili tatu, kisha huacha. Kabla ya kufungua picha ya mtu yeyote, husema hodi. Huisema kwa sauti ya kawaida, kama aliye mlangoni mwa jirani. Hakuna anayeitikia, naye husubiri kidogo, ndipo anafungua. Aliwahi kuulizwa na Fundi wa Paspoti, ambaye hukaa mbele na kuuliza kila kitu, kama kuna siku amewahi kukaribishwa. Akamjibu kwamba hodi ni adabu ya anayeingia, kukaribishwa ni hiari ya mwenyeji.

Watu wengi hudhani raba ya kwenye kompyuta ni raba ya shuleni: unasugua, kitu kinatoka, unapuliza vumbi, basi. Bi Kumi amewapokea wengi wa namna hiyo. Huwakalisha, huwapa picha mbovu ya kuchezea, na kuwaambia kwamba raba hii huulizwa kwanza ndipo huguswa. Duara lake liwe dogo kuliko unachotaka kukiondoa, maana mwenye duara kubwa hufuta na jirani. Ukingo wake nao utazamwe. Ukingo mkali ni wa vitu vyenye mpaka wake, kama kola, meza, fremu ya miwani. Shavu, moshi na nywele vinataka ukingo laini, unaofifia wenyewe kabla ya kufika mwisho. Kuna bibi harusi mmoja, hapa hatumtaji, ambaye ukuta wa nyuma yake uliondolewa kwa ukingo mkali na mtu mwenye haraka, nywele zake zikatoka kama sufuria iliyofunikwa kichwani. Mama yake alikuja na ile picha mkononi, akaiweka kaunta. Bi Kumi aliirudia kazi ile bila kuuliza nani kaifanya, ingawa aliyeifanya alikuwa amejificha stoo.

Tena kuna suala la tabaka. Picha kwenye kompyuta, alifundisha, ni kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na la kwanza kabisa ni kujua uko juu ya kipi. Fundi wa Paspoti alijifunza hilo kwa jasho. Siku moja alikuwa anaondoa mng'aro kwenye hereni ya mteja, akidhani yuko juu ya nakala, kumbe yuko chini kabisa, kwenye picha yenyewe, na pale chini raba haiachi uwazi, inapaka rangi ya nyuma. Rangi ya nyuma siku hiyo ilikuwa nyeupe, na ukuta wa picha nao mweupe. Mteja akaondoka na picha sita, akarudi kesho yake kueleza kwa upole kwamba yeye aliingia humu na masikio mawili. Tangu hapo ukimsikia Bi Kumi anamuuliza Fundi wa Paspoti habari za masikio, ujue anamkumbusha atoe nakala kwanza.

Lakini jina lake la Bi Kumi limetoka kwenye nguvu ya raba, yaani asilimia ngapi ya kitu inaondoka kwa mpito mmoja. Ukiiweka mia, kitu kinatoka chote kwa mkupuo. Ukiiweka kumi, inaondoka sehemu ndogo tu, na ukiendelea kusugua bila kuachia kidole, utasugua mpaka kesho na haizidi hiyo. Sharti uachie, ubonyeze upya, ndipo iondoke kumi nyingine, tena si kumi ya kitu kizima bali kumi ya kile kilichobaki. Yeye hufanyia kazi kumi. Anasema mia ni ya mtu mwenye uhakika, na yeye katika kazi hii hajawahi kuwa na uhakika na uso wa mtu.

Tatizo ni kwamba programu hukumbuka mkono wa mwisho ulioishika. Siku moja Fundi wa Paspoti aliazima kiti chake kuondoa pazia kubwa, akaweka raba mia na duara pana kama sinia, akamaliza, akaenda kunywa chai. Bi Kumi akarudi, akasema hodi, akafungua picha ya muuguzi mmoja mtu mzima, akagusa mara moja kuondoa chembe ya vumbi. Paji lote la uso likaenda. Alitendua, yaani akairudisha programu hatua moja nyuma, paji likarudi, hakuna kilichoharibika. Ila aliinuka, akamfuata mwenzake penye chai, akasimama mpaka kikombe kikawekwa chini, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuanzia leo, anayeinuka arudishe kumi. Ndiyo sheria yetu hadi sasa. Haijaandikwa popote. Anaifuata kila anayekaa kwenye kile kiti, hata Bosi akikaa kukagua kazi, na mwenye kuisahau hununua maandazi ya chumba kizima.

Sasa nifike kwenye picha ya ngazini, maana nimekuwa nikiizunguka.

Anayeingia studio huiona juu ya kaunta kabla hajaona bei. Ilipigwa siku ya ufunguzi, kwenye ngazi za nje. Katikati amesimama Mzee wetu mwanzilishi, mkono wake wa kushoto umelala begani mwa binti mwembamba anayeitazama kamera kama anayeidai. Huyo ndiye Bi Kumi. Mzee alifariki miaka michache baadaye, na hakuna aliyetaka kupiga picha nyingine ya wafanyakazi bila yeye. Binti yake, ambaye leo ndiye Bosi wetu, akaamua kwamba picha ibaki ileile. Anayeajiriwa abandikwe ngazini. Anayeacha kazi aondolewe, na ngazi iliyokuwa nyuma yake ichorwe upya. Watu wa studio nyingine hutucheka. Sisi tumezoea, na kila mpya hungoja kwa hamu siku ya kubandikwa.

Kazi ya kubandika na kuondoa imekuwa ya Bi Kumi. Mimi alinibandika ngazi ya tatu, na mguu wangu mmoja haugusi chini vizuri. Nililalamika. Akanijibu kwamba hivyo ndivyo ninavyotembea. Wale waliosimama pale siku ya kwanza amewaondoa mmoja mmoja, kila mtu kwa zamu yake, huyu kastaafu, yule kahama, mwingine kafungua duka lake. Leo kwenye ngazi zile wamebaki wawili tu waliopanda kwa miguu yao, Mzee na yeye. Sisi wengine wote tumebandikwa.

Kuna mmoja ambaye hakuondolewa kama wengine. Alisimama ngazi ya juu, karibu na mlango. Ndiye aliyeitega kamera, akabonyeza, akakimbia kuwahi kuingia kwenye picha, kwa hiyo watu wote wametulia na yeye peke yake ana ukungu kidogo, mdomo wazi, mguu mmoja bado unakuja. Alikuwa mpiga picha wetu mkuu. Tulimwita Cheka Kidogo, kwa sababu ndivyo alivyomwambia kila mteja, hata wa picha za kitambulisho wasioruhusiwa kucheka. Mwaka wa pili wa studio alimwoa Bi Kumi. Mwaka wa kumi na mbili alipata mkataba wa kupiga picha kwenye meli za abiria huko mbali, miaka miwili tu, wajenge. Akaaga, akaenda. Simu zikawa za kila wiki, zikawa za sikukuu, kisha zikakatika. Hatujasikia kwamba amekufa, wala hatujasikia kwamba yuko wapi.

Alikuwa ameacha kazi, na utaratibu ni utaratibu. Wenzake walijitolea kumwondoa ngazini kwa niaba ya mkewe. Bi Kumi akakataa, akasema mkono wa mwingine utampitishia mia. Akamtoa nakala kwanza, akaiweka kwenye tabaka lake peke yake, akalipa tabaka jina, Akirudi, kisha akalifunga jicho, ile alama ya kulificha, lisionekane. Ndipo akaweka raba kumi, ukingo laini, akapita juu ya mumewe mara moja. Akachapa, akatundika. Ijumaa iliyofuata akapita tena mara moja, akachapa, akatundika. Akaendelea hivyo Ijumaa kwa Ijumaa, kabla ya kufunga. Wateja wa kila wiki walianza kuona. Mama mmoja aliuliza kama yule bwana wa mlangoni anaumwa, maana anazidi kupauka. Fundi wa Paspoti akamjibu kwamba yuko safarini, na hakudanganya.

Mpaka leo hajaisha. Ndiyo hesabu ya kumi: kila mara unaondoa sehemu ya kilichobaki, na kilichobaki hakikosi kubaki. Ukitazama kwa jicho la haraka hakuna mtu mlangoni. Ukiweka tabaka jeusi chini yake, huyo hapo, na mguu wake bado unakuja. Kwenye karatasi anaonekana kama unyevu hafifu ukutani. Mfagizi wetu alikuwa akikisugua kioo cha fremu mahali pale kila asubuhi akidhani ni alama ya kidole. Tulimwambia ni nini. Bado anasugua, anasema mazoea yana taabu, lakini siku hizi nimeona anasugua polepole.

Isidhaniwe kwamba Bi Kumi ni mtu wa huzuni. Hakuna anayecheka kwa nguvu kama yeye mteja akiomba aongezewe urefu. Lakini wasifu wa kweli hausemi nusu. Siku moja mvua ilipotufungia ndani, alisema huku anasafisha picha ya kitambulisho, bila kugeuza shingo, kwamba anamkumbuka. Si kila siku tena, alisema, Ijumaa tu. Mimi nikamtupia methali kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Akasema huko nje huenda ni kweli, ila katika chumba hiki lake lipo, kwenye tabaka, na nakala ni nzuri. Kisha akaniomba nimsogezee sukari.

Jumatatu ya wiki hii alinipisha kwenye kiti chake. Akafungua picha ya ngazini, akatoa nakala nijizoeze, na kuniagiza nimwondoe yeye, ili Jumatatu ijayo kazi isikwame. Nilimuuliza kwa nini asiimalize mwenyewe, mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Akasema kinyozi hajinyoi, akaenda kuchemsha chai.

Niliweka mia. Nasema bila kuzunguka: niliweka mia na ukingo mkali kwa sababu sikutaka kumwona akienda taratibu. Nilifuata nywele, shingo, gauni lile lenye kola pana, viatu. Nikaichora ngazi nyuma yake. Kazi ikatoka safi kabisa. Nilipoacha kipanya na kurudi nyuma kutazama, mkono wa Mzee ulikuwa hewani. Ulikuwa umebaki palepale ulipokuwa, vidole vimejikunja kidogo juu ya kitu ambacho hakipo. Nikajaribu kuuteremsha, ukakataa. Nikajisogeza mimi chini yake, nikaonekana nimekamatwa. Nikajirudisha ngazi yangu ya tatu.

Bosi aliingia wakati huo kutafuta picha za mteja. Akasimama nyuma yangu. Mimi sikugeuka, ila niliona kwenye kioo cha kompyuta jinsi alivyokuwa anamtazama baba yake. Kisha akasema tumrudishie baba bega lake. Akapenga kamasi, na alipofika mlangoni akauliza ni nani aliyeacha raba kwenye mia, maana chumba kinadai maandazi.

Utaratibu haukuvunjwa. Anayeondoka huondolewa, na Bosi hakutaka kumfanya Bi Kumi awe tofauti na wenzake, wala Bi Kumi mwenyewe asingekubali. Ila Bosi alikumbusha kwamba utaratibu haujawahi kusema kwa kasi gani. Kwa hiyo leo, wageni mkishaondoka na kabla hatujafunga, nitaweka ukingo laini, nguvu kumi, nipite mara moja. Tutachapa, tutatundika. Ijumaa ijayo tena mara moja. Tutaanzia kwenye viatu, na bega litakuwa la mwisho kufikiwa. Kwa hesabu aliyotufundisha mwenyewe, sisi wote tuliobandikwa tutakuwa tumestaafu na bado mkono wa Mzee una pa kulala.

Bi Kumi anahamia kwa mdogo wake, nyumba isiyo na ngazi, kwa sababu ya magoti. Amesema atalala mpaka jua limchoke, na atashona mapazia, maana kitambaa hakina kutendua na anataka kuona kama bado ana ujasiri. Kwa niaba ya Bosi, Fundi wa Paspoti na masikio yake yote, mfagizi wetu, watu wa mbele na watu wa nyuma, tunamshukuru kwa kila uso alioukuta na doa akauacha na nuru yake mwenyewe. Ametusafisha na sisi, taratibu, bila kutubadilisha sura.

Mchana huu, ukurasa huu ukiwa unangoja printa, alikusanya miwani yake na kikombe, akainuka. Nilikaa kwenye kiti kikiwa bado na joto. Sikutaka kuangalia, nikaangalia. Raba ilikuwa kumi.

Bi Kumi, mama yetu, yaliyobaki haya ni yako peke yako, wengine wapige makofi. Tutakukosa. Mimi nitakukosa kila siku, na nikizoea, basi Ijumaa. Nakala yako nimeitoa vizuri, nywele zote zipo, hata ule mmoja uliosimama, ambao wewe ulikuwa ukisema ni kosa la upepo. Nimeiweka tabaka moja juu ya lile la Cheka Kidogo. Nilihangaika na jina, mwisho nikaona lipo tayari, nikaandika Akirudi. Kompyuta haikukataa kuwa nayo mawili. Kaa vizuri huko uendako, ule, ulale, ucheke kwa nguvu. Na Ijumaa yoyote ukitaka kuja kuona umebaki kiasi gani, pita hadi chumba cha nyuma, useme hodi kama ulivyozoea. Safari hii kuna wa kuitikia.